Mzigo Unaoifaa Vali: Maelezo ya Transfoma ya Spika, na Upungufu wa Neno "Kulinganisha"

Katika ufundi wa vikuza sauti liko jambo moja ambalo ni rahisi kulipima lakini ni gumu kulitaja. Vali, yaani kile kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, ambacho ndani yake umeme huvuka kutoka kathodi yenye moto hadi anodi, aghalabu haiungwi moja kwa moja na spika. Kati ya viwili hivyo huwekwa transfoma. Likitafutwa neno la Kiswahili la kuitaja kazi ya transfoma hiyo, neno la kwanza kuja mdomoni ni "kulinganisha". Neno hilo ni la asili, lafahamika na kila mtu, tena lina sauti nzuri. Hata hivyo mwanafunzi akilishika kwa maana yake iliyo wazi, atapiga hesabu isiyo na kosa la tarakimu, kisha apate chombo kisichofaa. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mzigo wa vali unavyochaguliwa, na kuonyesha kwamba hapa neno na hesabu haviwezi kutenganishwa.

1. Istilahi zitumiwazo

Inafaa kwanza kukubaliana juu ya maneno machache. Neno "kipaza sauti" limeachwa kwa makusudi, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku hutumika kwa chombo cha kupokea sauti ya msemaji, na kwa chombo cha kuikuza, na kwa kile kinachoitoa mbele ya wasikilizaji. Hapa chombo cha kukuza ni "kikuza sauti", na kile cha kuitoa ni "spika".

"Ukinzani" ni namna kitu kinavyouzuia mkondo wa umeme usipite, nao hupimwa kwa omu. Mkondo wa sauti si mnyoofu. Huenda na kurudi kama maji yanavyojaa na kupwa, nao huitwa mkondo geu. Kizuizi kinachoupata mkondo wa namna hiyo huitwa "impedansi", nacho pia hupimwa kwa omu, ila chaweza kubadilika kadiri sauti inavyokuwa nene au nyembamba.

"Mzigo" ni kile ambacho vali hutakiwa kukiendesha. Neno hili ni tafsiri iliyofaulu, lakini lina mtego mmoja. Mzigo mzito ni ule unaodai mkondo mwingi, na unaodai mkondo mwingi ni ule wenye omu chache. Basi spika ya omu 4 ni mzigo mzito kuliko spika ya omu 8, ijapokuwa tarakimu yake ni ndogo. Asemaye "mzigo mkubwa" hueleweka kwa njia mbili zinazopingana. Heri kusema "mzito" na "mwepesi", au kutaja omu zenyewe.

2. Kwa nini transfoma yahitajiwa

Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni zao la volti na ampea. Vali ina volti nyingi na mkondo mdogo. Spika ya kawaida yataka mkondo mwingi na volti chache. Vali ni kama mtu mwenye nafasi ya kuusukuma mtaimbo mbali lakini hana nguvu za kuliinua jiwe kwa mikono. Transfoma ndiyo mtaimbo wenyewe: hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, wala haiumbi nguvu mpya.

Transfoma ina koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma, na msingi wake ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Koili ya kwanza ikiwa na mizunguko 25 kwa kila mzunguko mmoja wa koili ya pili, volti hupungua mara 25 na mkondo huongezeka mara 25. Kwa kuwa impedansi ni volti kugawanywa kwa mkondo, mabadiliko yake si mara 25 bali ni mara 25 kwa 25, yaani mara 625. Spika ya omu 8 ikiungwa upande wa pili, vali iliyo upande wa kwanza huiona kama mzigo wa omu 5,000.

Neno "huiona" ni muhimu. Transfoma iliyoandikwa "omu 5,000" haina omu hizo ndani yake. Ikipimwa kwa mita ya ukinzani, koili yake ya kwanza huonyesha omu mia kadhaa tu, ambazo ni ukinzani wa shaba. Maandishi yale yana sharti lisiloandikwa: omu 5,000 iwapo spika ni ya omu 8. Transfoma ileile ikipewa spika ya omu 4, vali huona omu 2,500. Ikipewa ya omu 16, huona omu 10,000. Transfoma ni uwiano, si kiasi.

3. Kanuni ya usawa na mipaka yake

Imejulikana tangu karne ya 19, nayo hunasibishwa na Moritz von Jacobi, kwamba chanzo cha umeme chenye ukinzani wake wa ndani hutoa nguvu nyingi kabisa pale mzigo unapokuwa sawa na ukinzani huo. Mzigo ukiwa mzito mno, volti hutoweka ndani ya chanzo. Ukiwa mwepesi mno, mkondo hautoshi. Hamali asiye na kitu kichwani hafanyi kazi, na aliyetwishwa asichoweza kukiinua hafanyi kazi pia.

Vali nayo ina ukinzani wa ndani. Kwa kanuni hiyo, ingeonekana kwamba kazi imekwisha: tafuta ukinzani wa vali, kisha chagua transfoma itakayoifanya spika ionekane kuwa na omu zizo hizo. Hapa ndipo neno "kulinganisha" linapompeleka mwanafunzi kwa mkono, kwa sababu vitu vilivyolingana ni vitu vilivyo sawa.

Lakini kanuni ya usawa ina sharti: yahusu chanzo ambacho volti na mkondo wake havina kikomo cha karibu. Vali ina vikomo vitatu. Kwanza, mkondo wake hauwezi kushuka chini ya sifuri. Ukifika hapo, nusu ya wimbi la sauti hukatwa. Pili, gridi, ambayo ndiyo mlango wa kuuongoza mkondo, hutakiwa isipite sifuri kwenda upande chanya, la sivyo nayo huanza kula mkondo. Tatu, anodi yaweza kustahimili joto la kiasi fulani tu. Mzigo unaofaa ni ule unaoiwezesha vali kuvifikia vikomo hivyo kwa pamoja, wala usiigonganishe na kimoja mapema huku vingine vikiwa mbali.

4. Mfano wa triodi: 2A3

Vali ya 2A3 ilitolewa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1933. Ni triodi, yaani ina kathodi, gridi na anodi tu, aina ambayo Lee de Forest aliianzisha mwaka 1906. Ukinzani wake wa ndani ni omu 800. Kitabu cha vali chataka ipewe volti 250 kwenye anodi, na volti 45 hasi kwenye gridi, nayo hupitisha miliampea 60 inapokuwa kimya. Volti 250 mara miliampea 60 ni wati 15, nazo ndizo kikomo cha joto cha anodi yake.

Tuseme imepewa mzigo wa omu 800, sawasawa na ukinzani wake. Gridi ikipanda kutoka volti 45 hasi hadi sifuri, hesabu yaonyesha kwamba mkondo utaongezeka kwa miliampea 118 hivi. Ili wimbi liwe na pande mbili zinazofanana, mkondo wapaswa kupungua kwa kiasi hichohicho gridi inaposhuka. Lakini vali ina miliampea 60 tu za kupunguza. Sehemu ya chini ya wimbi hukatwa vali ikiwa imefika karibu nusu ya njia tu, na nguvu safi inayopatikana haizidi wati moja na nusu.

Mzigo ukiwa omu 2,500, mambo hubadilika. Gridi ikifika sifuri mkondo huongezeka kwa miliampea 57, na upande wa pili ziko 60 za kupunguza. Vikomo viwili vimekutana karibu mahali pamoja. Ndiyo sababu kitabu cha vali chataja mzigo wa omu 2,500, na nguvu ya wati 3.5, yaani zaidi ya mara mbili ya ile iliyopatikana kwa usawa.

Wajuzi wataikumbuka kanuni isemayo kwamba triodi hutaka mzigo wa mara mbili ya ukinzani wake. Kanuni hiyo ni ya kweli mahali ambapo volti za anodi zimewekwa na fundi ana uhuru wa kuchagua mkondo apendao. Kwa 2A3 mzigo ungekuwa omu 1,600. Lakini mzigo huo ungedai mkondo wa miliampea 78 wakati wa ukimya, ambao kwa volti 250 ni joto la wati 19.5, na anodi haistahimili hayo. Hesabu ya vali kamilifu, isiyo na mpindo wowote, yatoa wati 4.9 kwa omu 1,600 na wati 4.6 kwa omu 2,500. Kwa hiyo fundi hupoteza sehemu ndogo sana ya nguvu, naye hupata mambo mawili: anodi isiyoungua, na sauti iliyo safi zaidi. Kwa triodi, mzigo ukizidi kuwa mwepesi upotoshaji hupungua, hasa ule wa hamoniki ya pili, yaani sauti ya ziada yenye marudio mara mbili ya ile ya asili.

5. Mfano wa pentodi: EL84

Pentodi, iliyobuniwa na Bernard Tellegen katika kampuni ya Philips mwaka 1926, ina gridi tatu. Gridi hizo huikinga kathodi na mabadiliko ya volti za anodi, hata mkondo ukawa karibu haujali anodi ina volti ngapi. Matokeo yake ni ukinzani wa ndani ulio mkubwa sana. EL84, ambayo iliingia katika redio na vikuza sauti vingi kuanzia miaka ya 1950, ina ukinzani wa karibu omu 40,000.

Kama usawa ndio sheria, mzigo wa EL84 ungekuwa omu 40,000. Tazama matokeo. Anodi ina volti 250. Haiwezi kushuka zaidi ya hizo 250, na kwa kweli hata hazifiki zote. Volti 250 juu ya omu 40,000 ni mkondo wa miliampea 6.25 tu, nayo vali ina 48. Nguvu yote ni wati 0.8 hivi. Vali imegonga kikomo cha volti huku sehemu kubwa ya mkondo wake imelala bure, na joto la wati 12 likiendelea kutoka kwenye anodi.

Njia iliyo sawa haiutazami ukinzani wa ndani hata kidogo. Hugawanya volti zilizopo kwa mkondo uliopo: 250 kwa 0.048, jibu ni omu 5,208. Kitabu cha vali husema 5,200. Kwa mzigo huo volti na mkondo humalizika kwa pamoja, na nguvu ni karibu wati 6. Kwa spika ya omu 8 uwiano wa impedansi ni 650, na mizunguko ni 25.5 kwa 1.

Hapa mzigo ni kama sehemu moja ya nane ya ukinzani wa vali, ilhali katika 2A3 ulikuwa zaidi ya mara tatu yake. Vali mbili, kazi moja, na uwiano umegeuka juu chini. Hakuna hata moja iliyotaka usawa.

6. Spika isiyo yake

Swali la kila siku katika karakana ni hili: itakuwaje kikuza sauti cha EL84 kilichotengenezewa spika ya omu 8 kikiungwa na nyingine? Kwa spika ya omu 4 vali huona omu 2,600. Mkondo hufika kikomo kwanza, na nguvu hushuka hadi wati 3. Kwa spika ya omu 16 vali huona omu 10,400. Safari hii volti ndizo zinazofika kikomo kwanza, na nguvu hushuka hadi wati 3 vilevile. Kosa la upande huu na kosa la upande ule huzaa hasara sawa, ingawa kwa sababu tofauti. Kwa sikio hasara ya nusu ya nguvu si kubwa sana. Ndiyo maana kosa hili huweza kudumu miaka bila kutambuliwa.

Lakini iko hali moja isiyo na msamaha: pentodi kupigwa kwa sauti kubwa bila spika yoyote. Mzigo wa mkondo geu huwa karibu haupo, volti za koili ya kwanza huruka juu kupita kiasi kilichokusudiwa, na cheche zaweza kuitoboa ngozi ya waya ndani ya transfoma. Transfoma iliyotobolewa hivyo haina dawa ila kuzungushwa waya upya. Na kwa kuwa volti za anodi zatosha kumuua mtu, hata baada ya chombo kuzimwa, kazi ya kubadilisha mzigo hutaka kwanza umeme ukatwe na kapasita zimwagwe.

Tena haifai kusahau kwamba "omu 8" za spika ni jina kuliko kipimo. Penye mtetemo wake wa asili, katika sauti nene, impedansi ya spika yaweza kupanda mara kadhaa, na katika sauti nyembamba hupanda tena. Fundi huchagua mzigo kwa wastani, akijua kwamba vali itautembelea mstari wote wa juu na wa chini.

7. Swali la pili lililofichwa ndani ya la kwanza

Ukinzani wa vali haukosi kazi kabisa. Kazi yake ni nyingine. Spika ni kitu chenye uzito na chenye kurudi kama bembea. Wimbi likikoma, karatasi yake hupenda kuendelea kutikisika, na kinachoizuia ni ukinzani wa chanzo kinachoonekana upande wake. Ukinzani wa 2A3, ukishushwa na transfoma, huwa omu 2.6 hivi, chini ya omu 8 za spika, bembea hushikwa. Ule wa EL84 huwa omu 61. Bembea huachwa ijiendee, na sauti nene huvuma.

Dawa ya hilo ni mrejesho hasi, yaani kuchukua sehemu ya sauti iliyotoka na kuirudisha mwanzoni kwa kinyume ili isahihishe makosa. Kikuza sauti cha D. T. N. Williamson, kilichochapishwa katika gazeti la Wireless World la Uingereza mwaka 1947, kilitumia vali mbili za KT66 zilizounganishwa kama triodi, mzigo wa omu 10,000 kutoka anodi hadi anodi, na mrejesho mwingi. Kilitoa wati 15 kwa usafi ambao ulikuwa kipimo cha wengine kwa miaka mingi. Mrejesho huufanya ukinzani unaoonekana na spika uwe mdogo sana. Lakini haugeuzi mzigo unaoifaa vali, kwa kuwa vikomo vya volti, mkondo na joto havikuguswa. Huu ni ushahidi wa mwisho dhidi ya usawa: ukinzani waweza kushushwa mara kumi, na omu za mzigo zibaki zilezile.

8. Neno lifaalo

Lugha nyingine zimekwisha kulikabili jambo hili. Neno la Kiingereza "match" lina maana ya kuwa sawa na pia ya kufaana kwa viwili visivyo sawa, na mkanganyiko wa wanafunzi wengi watokana na maana hizo mbili kukaa ndani ya neno moja. Wajerumani husema "Anpassung", lenye asili ya kitenzi cha kukaa vizuri kama nguo inavyomkaa mtu. Wafaransa husema "adaptation". Maneno hayo mawili hayaahidi usawa.

Kiswahili kina hazina ya kutosha katika uwanja huu. "Kulingana" na "kuwa sawa" vyaelekea kwenye kipimo kimoja. "Kufanana" ni kwa sura. "Kuoana" na "kupatana" ni kwa viwili vilivyo tofauti ambavyo pamoja hufanya jambo moja, kama rangi zinavyooana katika kanga au bei inavyopatana kati ya muuzaji na mnunuzi. Bei ya kupatana si ya huyu wala ya yule. Ni ile ambayo kila mmoja ameridhia akijua kikomo chake. Mzigo wa vali ni bei ya namna hiyo, kati ya nguvu, usafi wa sauti na uhai wa anodi.

Kwa sababu hiyo "kuoanisha" au "kupatanisha mzigo" lastahili kuwa istilahi ya kazi ya transfoma hii, na "kulinganisha" libakizwe mahali ambapo usawa ndio unaotakiwa kwa kweli, kama vile mwishoni mwa waya mrefu wa kupitishia mawimbi ya redio, ambapo mzigo usio sawa na waya hulirudisha wimbi lilikotoka. Huko neno lina haki yake. Hapa lingemfundisha mwanafunzi kuipa EL84 mzigo wa omu 40,000 na kupata wati 0.8 badala ya 6, bila kujua kwamba aliyemkosesha si hesabu bali ni kamusi.

Vali bado zinaundwa, Slovakia, Urusi na Uchina, na wapiga gitaa na wapenzi wa muziki bado wanazitafuta. Lakini hata ambapo hazipo tena, mfano wake haujapitwa na wakati. Mtunga istilahi aliye makini hana budi kulipima neno kwa swali moja kabla ya kuliidhinisha: mtu asiyejua chochote ila neno hilo, akilifuata lilivyo, mkono wake utafanya nini?